Kijana akianguka ghafla, tusikimbilie kutafuta mchawi: moyo huacha alama

Mpwa wangu alifariki akiwa na miaka 17. Ilikuwa Jumapili ya likizo ya shule, maji yamejaa, katika ufuo wa Diani. Kuogelea alikujua tangu utotoni. Wenzake wanasema alipiga mbizi mara mbili tatu, akaibuka anacheka, kisha akaelea kifudifudi. Wakadhani anafanya mzaha. Walipomtoa alikuwa ameshakwenda.

Tulimzika, na kabla ya hitima maneno yalikuwa yameshaanza. Mtoto hakuwa na jeraha, hakuwa mgonjwa, na kuogelea alijua. Basi nani kamchezea? Jina likatajwa: bibi mmoja mjane wa mtaa wa pili, aliyekuwa amegombana na dada yangu juu ya mpaka wa shamba la minazi. Nilikuwepo barazani jina lilipotajwa. Mimi ni mwalimu mstaafu, mtu wa kusoma. Nilikunywa kahawa yangu nikanyamaza.

Baada ya wiki chache yule bibi alihamia Vanga kwa binti yake. Hakuna aliyemgusa, lakini kila mtu alijua kwa nini kaondoka. Sote tunajua pia kwamba huku Kwale na kule Kilifi kuna wazee waliouawa kwa shutuma za namna hiyo hiyo.

Miezi mitano baadaye mdogo wake marehemu, msichana wa miaka 14, alianguka akishindana mbio shuleni. Alizinduka mwenyewe baada ya muda mfupi. Safari hii tulimpata daktari kijana aliyeuliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ametuuliza. Je, alianguka akiwa amepumzika au akiwa mbioni? Je, kuna mwingine katika familia aliyewahi kuzirai? Je, kuna aliyefariki ghafla akiwa bado kijana?

Hapo ndipo tulipokumbuka. Marehemu alikuwa amezirai mara mbili kabla. Mara ya kwanza alikuwa akikimbia, na kwenye kituo fulani cha afya akapewa dawa za kifafa. Mara ya pili alikuwa baharini, na sisi wenyewe tukampeleka kwa mganga, akasema ni pepo wa bahari. Daktari akamlaza binti, akambandika nyaya, na dakika kumi baadaye akatuonyesha karatasi yenye mistari. Akapima mama yake pia. Wote wawili walikuwa na tatizo moja. Marehemu hatuwezi kumpima tena, lakini daktari alisema kwa yale tuliyomsimulia, huenda naye alikuwa nalo.

Nimesoma sana juu ya jambo hili tangu siku ile. Mimi si daktari, na makala haya si badala ya daktari. Ninayoyaandika ni yale ambayo ningetamani mtu angetueleza mapema.

Umeme wa moyo na karatasi inayouandika

Moyo ni pampu, lakini pampu hiyo inaendeshwa na umeme mdogo unaozaliwa ndani ya moyo wenyewe. Cheche huanza katika chumba cha juu upande wa kulia, ikasambaa vyumba vya juu, ikasita kidogo katikati, kisha ikashuka kwa kasi hadi vyumba viwili vya chini ambavyo husukuma damu mwilini. Mtu akiwa ametulia, hilo hutokea mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa siku nzima ni mapigo kama 100,000.

Kipimo cha ECG husikiliza tu umeme huo. Hakimtii mtu umeme na hakiumi. Mgonjwa hubandikwa vibandiko kumi, vinne kwenye mikono na miguu na sita kifuani, na mashine inauangalia moyo kutoka pande 12. Mholanzi Willem Einthoven ndiye aliyekifanya kiwe kipimo cha kutegemewa, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 270, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu ndani ya ndoo za maji ya chumvi ili umeme upite vizuri. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Herufi alizoyapa mawimbi ya moyo, yaani P, Q, R, S na T, ndizo zinazotumika hadi leo.

Wimbi la P ni vyumba vya juu vikipata cheche. Mlima mrefu wa QRS ni vyumba vya chini vikipata cheche. Wimbi la T ni vyumba vya chini vikijichaji upya, tayari kwa pigo linalofuata. Kila mraba mdogo wa karatasi ni sehemu ya sekunde: milisekunde 40. Daktari anahesabu miraba.

Moyo unaposimama ghafla

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Mshtuko wa moyo ni pale mshipa unaolisha moyo unapoziba. Mgonjwa huumwa kifua, hutoka jasho, na mara nyingi huwa anajitambua. Kusimama ghafla kwa moyo ni hitilafu ya umeme. Vyumba vya chini huanza kwenda mbio bila mpango, kila sehemu kwa wakati wake, kama ngalawa yenye makasia sita na kila mtu anavuta anavyotaka. Chombo hakiendi. Damu haifiki kwenye ubongo, na ndani ya sekunde chache mtu huanguka. Asipopata msaada, baada ya dakika chache amekufa. Mshtuko wa moyo unaweza kuleta hali hii, lakini inaweza kuja pia bila mshipa wowote kuziba.

Mwili wa marehemu hauonyeshi kitu kwa nje. Wakati mwingine hata uchunguzi wa maiti hauoni kasoro, kwa sababu umeme hauachi kovu. Ndiyo maana kifo cha namna hii kinafanana sana na yale tunayoyaita mkono wa mtu.

Alama ambazo karatasi inaweza kuonyesha mapema

*QT ndefu.* Hili ndilo letu. Kutoka mwanzo wa Q hadi mwisho wa T ni muda ambao vyumba vya chini hutumia kupata cheche na kujichaji upya. Daktari hurekebisha hesabu hiyo kulingana na kasi ya moyo. Kwa mwanamume, ikizidi takriban milisekunde 450 inaitwa ndefu. Kwa mwanamke, takriban 460. Ikifika 500, hatari ni ya kweli. Ya binti yetu ilikuwa 510. Ya dada yangu ilikuwa 480, na maishani mwake hajawahi kuzirai hata mara moja.

Moyo ukichelewa kujichaji, cheche inayokuja kabla ya wakati inaweza kuuingiza kwenye mbio zile za hatari. Hali ya kurithi ya QT ndefu inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 2,000. Iko ya aina kadhaa. Kuna inayochochewa na kukimbia na hasa kuogelea, kuna inayochochewa na kishindo cha ghafla kama kengele ya saa, na kuna inayoua usingizini. Ndiyo maana mtu anayejua kuogelea akizama bila sababu, familia yake inafaa kupimwa moyo. Mara nyingi mzazi mmoja anatosha kuirithisha, na kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu.

*Njia ya ziada ya umeme.* Baadhi ya watu huzaliwa na kijinjia cha pembeni kati ya vyumba vya juu na vya chini. Kwenye karatasi, mlima wa QRS huanza na mteremko badala ya kupanda wima. Wengi hupata mapigo ya mbio tu, lakini wachache hupata hatari kubwa. Hali hii hutibika kabisa kwa kukiunguza kijinjia hicho kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa.

*Misuli ya moyo kunenepa.* Ugonjwa huu wa kurithi ndio uliomuua Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Watu wengi wenye ugonjwa huu ECG yao huwa na kasoro, na picha ya moyo, yaani eko, huthibitisha.

*Alama ya Brugada.* Ilielezwa mwaka 1992. Ni umbo la pekee kwenye vibandiko vya juu kulia kifuani. Huua zaidi wanaume, aghalabu usingizini, na homa huiamsha.

*Kovu na moyo uliochoka.* Kwa watu wazima hii ndiyo njia kuu: mshipa ulioziba zamani, shinikizo la damu lisilotibiwa, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, au moyo kuchoka baada ya uzazi. ECG huonyesha dalili, lakini kipimo kikubwa hapa ni eko inayopima moyo unasukuma sehemu gani ya damu yake kila pigo. Wa kawaida husukuma zaidi ya nusu. Ikiwa asilimia 35 au chini licha ya matibabu, madaktari huanza kufikiria kumpandikizia mgonjwa kifaa kidogo kifuani ambacho huutazama moyo usiku na mchana na kuustua ukienda kombo. Cha kwanza kilipandikizwa Baltimore, Marekani, mwaka 1980.

Ndoa za binamu na watoto viziwi

Hili nitalisema wazi kwa sababu linatuhusu watu wa pwani. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Jervell na Lange-Nielsen, walieleza familia yenye watoto viziwi tangu kuzaliwa, wanaozirai, na baadhi yao wakafariki wangali wadogo. Hiyo ni aina kali ya QT ndefu, na humpata mtoto aliyerithi kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi walio ndugu wa damu wana nafasi kubwa zaidi ya kubeba kasoro ileile.

Simwambii mtu amuoe nani. Ninasema hivi: mtoto aliyezaliwa kiziwi, na anazirai akiogopa au akikimbia, apimwe ECG kabla ya mtu yeyote kusema ni kifafa au ni jini.

Kipimo hiki si ramli

Baada ya binti yetu kupimwa, jirani aliniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo nikipimwa nitajua kama nitakufa ghafla?" Hapana. Kwanza, karatasi ya kawaida inaandika sekunde 10 tu kati ya siku nzima. Kasoro inayokuja na kuondoka inaweza kupita bila kuonekana. Ndiyo maana wengine huvalishwa mashine ndogo kwa saa 24 au zaidi, aliyoianzisha Mmarekani Norman Holter. Ya kwanza ilibebwa mgongoni kama shanta na ilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi.

Pili, alama si ugonjwa wenyewe. Zamani madaktari waliona kwamba watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo na wana mapigo mengi ya ziada hufa zaidi. Wakawaza: tukiyazima mapigo hayo kwa dawa, tutawaokoa. Utafiti mkubwa uitwao CAST ulijaribu. Dawa zilizima mapigo, lakini waliozimeza walikufa zaidi kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Mwaka 1989 dawa mbili kati ya zilizojaribiwa zikasimamishwa. Kwa hiyo asikuuzie mtu dawa kwa sababu tu karatasi "haikukaa sawa".

Tatu, karatasi isomwe na anayejua mwili wa nani anaousoma. Wanamichezo weusi wenye afya mara nyingi huwa na wimbi la T lililogeuka chini katika vibandiko vya mbele vya kifua, na miongozo ya kimataifa inakubali kwamba, likiwa na umbo fulani, ni la kawaida kwao. Mashine yenyewe huweza kuchapisha maneno ya kutisha juu ya karatasi ya kijana mzima kabisa.

Hata hivyo kupima kunasaidia pale kunapofanywa kwa mpango. Italia ilipitisha mwaka 1982 utaratibu wa kumpima kila mwanamichezo wa mashindano, ECG ikiwemo. Katika jimbo la Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilipungua kwa karibu asilimia 90 kati ya 1979 na 2004. Nchi nyingine bado zinabishana kama ziige, kwa sababu ya gharama na ya watu wazima wa afya watakaotiwa hofu bure. Siku hizi pia kompyuta zinafundishwa kusoma ECG. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walionyesha kwamba programu inaweza kutambua moyo uliochoka kutoka kwenye karatasi hii tu. Kwa sehemu kama zetu ambako daktari bingwa wa moyo yuko mbali, hilo linaweza kuja kusaidia. Lakini kwanza lazima mtu apimwe.

Dawa zinazoweza kurefusha QT

Si kila QT ndefu ni ya kurithi. Zipo dawa zinazoirefusha: kwinini na klorokwini, baadhi ya antibiotiki kama erithromaisini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na methadoni. Kuharisha na kutapika sana huondoa potasiamu mwilini na kuongeza hatari.

Methadoni naitaja kwa makusudi. Kwale ina kituo cha methadoni Kombani, na vijana wetu wengi wamerudishiwa maisha na dawa hiyo. Mtu asiiache. Kurudi kwenye heroini ni hatari kubwa zaidi. Lakini anayetumia kiwango kikubwa, au anayewahi kuzirai, au anayepewa dawa nyingine juu yake, amwambie mhudumu wake na aulizie ECG.

Nani apimwe, na aanzie wapi

Ningekuwa na uwezo ningebandika orodha hii kila shule kuanzia Ng'ombeni hadi Lunga Lunga:

- aliyezirai akikimbia, akiogelea, au aliposhtuka ghafla;
- anayetibiwa kifafa lakini dawa hazimsaidii na hajawahi kupimwa moyo;
- mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyefariki ghafla kabla ya miaka 40;
- mtoto kiziwi anayezirai;
- mwenye shinikizo la damu au moyo mpana, anayesikia mapigo yakienda mbio na kichwa kuwa chepesi.

Anzia hospitali iliyo karibu, na uliza kwa jina: "Naomba ECG." Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni; kwa makubwa zaidi ni Coast General, Mombasa. Walioko mpakani wengine huvuka hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Karatasi utakayopewa itunze kama cheti cha kuzaliwa, kwa sababu daktari wa baadaye atataka kuilinganisha na mpya.

Tiba ya binti yetu si ya ajabu. Anameza propranololi kila siku, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na haogelei wala hashindani mbio. Tuna orodha ya dawa asizopaswa kupewa, na mama yake huitembeza mkobani. Dawa hiyo haimfai kila mtu. Mwenye pumu, kwa mfano, inaweza kumdhuru. Mtu asinunue dukani kwa kusoma makala.

Akianguka mbele yako

Kutoka Diani hadi kivuko cha Likoni ni kama kilomita 30, na moyo uliosimama hausubiri kivuko wala Dongo Kundu. Kila dakika inayopita bila mashine ya kustua moyo, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kama hakuna anayemkandamiza kifua. Kwa hiyo kama ameanguka, haitiki, na hapumui au anakoroma kwa shida, mlaze chali penye ugumu. Mwambie mtu aite msaada na atafute mashine ya kustua. Hoteli kubwa za ufuoni ziulizwe. Weka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, ukandamize kwa nguvu kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Mkichoka mpokezane. Aliyetolewa majini apewe na pumzi pia, mdomo kwa mdomo, na kwa anayejua aanze na hizo.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akichezea Bolton jijini London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Waliomkandamiza kifua na kumstua hawakuacha, na aliishi.

Siku tuliyomtoa mpwa wangu majini, watu walimshika miguu wakamgeuza kichwa chini ili maji yamtoke. Hakuna aliyemgusa kifua. Hatukujua.

Mwaka jana nilikwenda Vanga kumtaka radhi yule bibi. Nilimweleza habari ya umeme, ya karatasi, na ya dada yangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "siku ile barazani ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Basi ungesema."

Sikuwa na jibu. Hajarudi, na simlaumu.

Msomaji, ikiwa kwenu kuna kijana aliyefariki ghafla na hamkujua sababu, mwacheni jirani yenu kwa amani. Wachukueni wadogo zake marehemu na wazazi wake mkawapime moyo, wiki hii kama mnaweza. Ni dakika kumi.